UZI: Mafunzo ya nyanjani na kuandamana na bwana afya, Lamu na Malindi. Barua, bima, maji kujaa na kazi yenyewe

#1 Kisima_Shela

Assalamu alaikum, na hamjambo wanajukwaa.

Kila ikifika Machi maswali huwa yale yale: nipeleke wapi barua, wanalipa, mbona hawajibu. Nimeona tuyaweke majibu mahali pamoja. Wenye kuijua kazi waongezee, na nikiteleza nirekebisheni.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya kwenye barua moja, karani wa masjala akabaki hajui aifungulie faili gani.

Mafunzo ya nyanjani, au atachimenti kama wengi wanavyosema, ni ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni. Chuo ndicho kinachomtambulisha, muda mara nyingi ni wiki 8 hadi 12, na hakuna mshahara. Uanagenzi ni wa aliyekwisha kuhitimu. Huo hauombwi kwa barua ya kubahatisha: husubiriwa tangazo la Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, au la Tume ya Utumishi wa Umma kwa ule mpango wa kitaifa wa miezi 12. Cha tatu ni kuandamana na afisa wa afya ya umma, yaani bwana afya, siku mbili tatu, au wiki moja, utazame kazi ilivyo kabla ya kuchagua kozi. Hicho kinaombwa kwa mazungumzo na barua fupi, na wewe hushiki chochote, macho na masikio tu. Madaktari, wafamasia na maafisa wa kliniki wanaoanza mwaka wao wa uanagenzi wasisumbuke na uzi huu, maana wao hupangiwa vituo na Wizara.

Huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013, kwa hiyo anayekupokea ni kaunti. Kwa Lamu, barua ielekezwe kwa Afisa Mkuu wa Idara ya Afya, makao makuu ya kaunti, Mokowe, ipitie kwa mkuu wa afya ya umma. Hospitali ya King Fahd iko ng'ambo, kisiwani Amu (mji wa Lamu), na ina utawala wake. Ukipeleka barua ya afya ya umma King Fahd kwa sababu ndilo jengo unalolijua, itakaa kule na wauguzi, na wewe utasema hawajibu.

Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya nifungue uzi. Afya ya umma si wodi. Kazi yake ni kisima, birika (tangi la maji lililojengwa ndani ya nyumba), jiko la hoteli, choo cha shule, friji ya chanjo, daftari la magonjwa. Anayeomba "nafasi yoyote hospitalini" hupewa kiti kwenye dirisha la kadi, akae wiki 12 akiandika majina.

#2 Mwanafunzi_Gede

Shukran kwa uzi. Mimi ni wa stashahada ya afya ya mazingira, mwaka wa pili. Natakiwa nyanjani kuanzia Mei, na nataka Malindi kwa kuwa ndiko nyumbani. Nimeambiwa nipeleke barua hospitali ya Malindi. Kwa hayo uliyoandika, nimepotea?

#3 Bi_Sabaki

Hujapotea mwanangu, ila umeelekezwa mlango wa jirani. Malindi ni kaunti ndogo ndani ya Kilifi, na idara ina makao yake Kilifi mjini. Andika barua moja kwa Afisa Mkuu anayehusika na afya ya umma, Kaunti ya Kilifi, na ndani yake utaje kwamba unaomba kupangwa ofisi ya afya ya umma ya Kaunti Ndogo ya Malindi. Nakala ipeleke mwenyewe kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, Malindi. Yeye hawezi kukupokea bila idhini ya juu, lakini ndiye atakayeulizwa kama ana nafasi, na akiwa ameshakuona uso ni rahisi kusema ndiyo.

Nakala zote mbili zigongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, kwenye nakala yako ya tatu. Barua isiyo na muhuri ikipotea huna pa kuanzia kuuliza. Ukiwa na muhuri, baada ya wiki mbili unarudi na kusema: barua yangu ilipokelewa tarehe fulani, naomba kujua imefika meza gani. Hilo ni swali ambalo masjala inaweza kulijibu.

Mei ndipo vyuo vingi vinapowaachilia wanafunzi kwa pamoja, na ofisi ya kaunti ndogo ina maafisa wachache. Barua ya Aprili imechelewa. Peleka Februari, au mwanzo wa Machi ukikawia sana.

#4 Kisima_Shela

Naunga mkono. Tuje kwenye makaratasi, maana hapa ndipo wengi wanaporudishwa mlangoni siku ya kwanza.

Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja. Barua ya utambulisho ya chuo iwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza; ile inayosema tu "kwa muhula huu" hurudishwa. Weka nakala ya kitambulisho, wasifu wa ukurasa mmoja au miwili, na nakala ya matokeo ukiulizwa. Kisha bima ya ajali. Hii vyuo hununua kwa kundi, lakini mwanafunzi hupewa barua isiyo na jina lake. Omba cheti au orodha yenye jina lako na tarehe zinazofunika muda wote wa mafunzo. Ukipanda mashua kwenda Kizingitini bima yako ikiwa imekwisha wiki iliyopita, msimamizi makini atakuacha gatini, na atakuwa amefanya haki.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kwa hiyo haianzwi wiki ya kuripoti. Hata kama hukusudii kukaa wodini, utashika taka za kliniki na masanduku ya sindano zilizotumika wakati wa ukaguzi.

Uliza mapema kama kuna ada. Ikiwepo, hulipwa kwa njia rasmi ya kaunti na unapewa risiti. Pesa taslimu mkononi mwa mtu, hapana.

#5 Mratibu_Pate

Naongezea upande wa visiwa, kwa kuwa ratiba ya Lamu haiandikwi kwa saa peke yake. Huandikwa kwa maji.

Anayepangiwa Lamu Mashariki, yaani Faza, Siyu, Pate, Kizingitini, Ndau, Kiwayu mpaka Kiunga, ajue kwamba njia ya Mkanda, kati ya Manda na bara, hupitika vizuri maji yakijaa. Yakipwa mashua hukwama kwenye matope na mikoko mkangoja. Bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, maji mafu tofauti huwa ndogo. Kwa hiyo safari ya chanjo au ya kuchukua sampuli hupangwa kwa kalenda ya maji, na mwanafunzi anayefika gatini saa 3 kwa sababu "ofisi hufunguliwa saa 2" huikuta mashua imeondoka alfajiri. Jifunze kuuliza jioni ya kuamkia safari: maji yanajaa saa ngapi kesho, nasi tunarudi na maji gani?

Upepo wa kusi nao, hasa Juni mpaka Agosti, huchafua bahari upande wa Kiwayu na Kiunga. Safari huahirishwa. Basuba na vijiji vya ndani ya msitu wa Boni hutegemea hali ya usalama, na huko mwanafunzi haendi bila ruhusa ya wazi. Asiyependa chombo aombe Mpeketoni, Witu au Hindi, ambako kuna kazi nyingi ya bara: malaria, vyoo vya shule, masoko.

Na kuhusu wakati, msiombe kwa mkumbo. Chagueni mnachotaka kukiona. Januari hadi Machi ni msimu wa leseni za biashara, kwa hiyo ukaguzi wa hoteli, mikahawa na maduka ya nyama ni wa kila siku. Mei na Novemba ni Malezi Bora: vitamini A na dawa za minyoo kwa watoto. Mvua za masika na za vuli huleta kuhara na mbu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na wiki za mwanzo mafuta ya mashua na magari huwa shida, kazi ya nje hupungua. Anayekuja Julai atumie wiki hizo kwenye takwimu.

#6 Ummu_Hafswa

Naomba kuuliza kama mzazi. Binti yangu amemaliza kidato cha nne mwaka jana, anasubiri chuo, ana miaka 17. Tuko Amu, Langoni. Anataka kuona kazi hii kabla hajaijaza kwenye fomu. Anaruhusiwa? Na je, atapelekwa majumbani mwa watu?

#7 Bi_Sabaki

Mama, hakuna ubaya aombe, na kwa umri wake wewe ndiye utakayeandika na kutia sahihi idhini. Barua iwe fupi: jina, umri, shule aliyomaliza, siku anazoomba (siku 5 zinatosha sana), na sentensi moja inayosema hatashika dawa, sindano wala daftari lenye majina ya wagonjwa. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayompa afisa moyo wa kukubali.

Majumbani atakwenda akiwa na afisa na mhudumu wa afya wa mtaa, wala hatakuwa peke yake. Kwa Amu adabu ni sehemu ya kazi. Mtu hupiga hodi, husubiri kwenye daka (ukumbi wa mlangoni), hangii ndani mpaka aitikiwe, na penye wanawake peke yao afisa wa kiume hubaki nje akaingia mwenzake wa kike. Kwa kweli binti yako hapo ana faida, maana birika na jiko viko ndani, na mara nyingi ndiko maafisa wanaume wanakokwama.

Simu ikae mfukoni. Picha ya mtoto akichanjwa, ya choo cha mtu, ya daftari, zote ni hapana. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kabla ya sheria kuna stara ya jirani.

#8 Daka_Mkomani

Kwa kuwa birika limetajwa, niwaeleze siku moja ya kazi ya mbu Amu inavyokwenda. Mwanafunzi akiielewa hii ameelewa nusu ya afya ya umma ya mji huu.

Mwaka 2004 Amu ilipigwa na chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Ilianza wakati wa ukame, jambo lililowashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kuyahusisha magonjwa ya mbu na mvua. Uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ulikuta karibu asilimia 75 ya wakazi wameambukizwa. Sababu ni maji ya akiba. Maji yakiwa adimu, watu huweka mitungi, madumu, mapipa na mabirika ndani ya nyumba, na Aedes, mbu huyu wa mchana mwenye madoa meupe miguuni, hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji.

Vifaa ni vichache: tochi, kata nyeupe ya kuchotea yenye ujazo wa mililita 350, pipeti ya plastiki, chupa ndogo zenye kifuniko, penseli (wino huyeyuka kwenye maji) na fomu. Nyumba huchaguliwa kwa utaratibu, tuseme kila ya tano mtaani, wala si zile tu za watu unaowajua.

Ukifika kwenye chombo usimulike kwa pupa. Viluwiluwi vya Aedes hukimbia mwanga na kivuli, huzama chini. Sogea taratibu, mulika kwa pembeni, ngoja dakika moja au mbili mpaka vitakapopanda juu kupumua, ndipo uchote kwa kuinamisha kata ukingoni. Kisha tazama mkao wake. Anofelesi, wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji, hana mrija wa kupumulia. Kuleksi ananing'inia kwa mshazari na mrija wake ni mrefu. Huyu utamkuta zaidi kwenye mashimo ya vyoo na mitaro ya maji machafu, naye ndiye anayehusika na matende na mabusha mijini kwetu. Aedes ananing'inia karibu wima, mrija mfupi mnene.

Hesabu yake si ngumu. Nyumba 40 zimekaguliwa, 10 zina viluwiluwi: kipimo cha nyumba ni asilimia 25. Vyombo vyenye maji 120, 18 vina viluwiluwi: kipimo cha vyombo ni asilimia 15. Vyombo 18 kwa nyumba 40, ukipeleka kwa nyumba 100, ni 45; hicho huitwa kipimo cha Breteau. Wanafunzi hukosea kwa kutoandika vyombo ambavyo havikuwa na kitu. Usipoviandika huna cha kugawia, na kazi yote ya asubuhi imepotea.

Kosa la pili ni ushauri unaotolewa mlangoni. "Mwageni maji" haitoshi. Mayai ya Aedes hukaa miezi kwenye ukuta mkavu wa mtungi, ukijaza tena yanaangua. Chombo kisuguliwe kwa brashi pande zote angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Na kumwambia mama wa Amu amwage maji wakati wa kiangazi, maji aliyoyapata kwa taabu, ni kumfanya asikufungulie mlango mara ya pili.

#9 Mwanafunzi_Gede

Maalim, samahani. Nimesikia mabirika ya nyumba za zamani huwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Sasa bwana afya akija kutia klorini?

#10 Daka_Mkomani

Umeuliza penyewe. Samaki ni dawa ya mbu ya wazee na inafanya kazi. Klorini ni dawa ya vimelea vya kuhara na inafanya kazi. Viwili hivi havikai birika moja, kwani klorini hata ya kiasi kidogo huua samaki. Afisa anayemimina bila kuuliza huwaua, na baada ya wiki mbili nyumba ina mbu kuliko alivyoikuta.

Kwa hiyo yatenganishwe matumizi. Birika lenye samaki libaki la kuoshea na kutawadhia. Maji ya kunywa yatolewe na kutibiwa kwenye dumu lenye kifuniko: kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa lita 20 za maji maangavu, dakika 30, ndipo yanywewe. Maji yakiwa na tope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi, la sivyo tope linaila klorini.

Kama birika lenyewe ndilo la kunywa na halina samaki, fanya hesabu kabla ya kufungua mkebe. Urefu mita 2, upana mita 1.5, kina cha maji mita 1: ni mita za ujazo 3, yaani lita 3,000. Unataka miligramu 2 kwa lita, jumla gramu 6 za klorini. Unga wa klorini ulio nao ni wa asilimia 65, basi 6 gawa kwa 0.65 ni gramu 9.2. Koroga kwenye ndoo ya plastiki ya maji kwanza, acha mashapo yatuame, mimina maji ya juu. Baada ya nusu saa pima klorini iliyobaki: iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Ikiwa sifuri, maji yana uchafu uliokula dozi yote, ongeza kidogo kidogo ukipima. Unga uliokaa kwenye mkebe wazi karibu na bahari hupoteza nguvu, hivyo hesabu inaweza kuwa sahihi na kipimo kikakataa. Hapo tazama mkebe kabla hujajilaumu kwa hesabu.

Kuosha kisima kizima ni jambo jingine. Dozi huwa kubwa, kama miligramu 50 kwa lita, kisima hufungwa kwa muda wa saa 12 mpaka 24, kisha maji huvutwa na kumwagwa mpaka harufu iishe. Mtu awekwe kuwazuia watu kuchota usiku. Hilo husahauliwa mno.

#11 Mratibu_Pate

Kuhusu sampuli za maji, kwa wale watakaokwenda Pate na Siyu kwenye majabia, yaani matangi ya kuvunia maji ya mvua. Chupa iwe imetakaswa na ndani ina thiosulfeti ya sodiamu ya kuzima klorini, kwa hiyo usiisuuze. Mwanafunzi mwenye usafi mwingi huisuuza mara tatu, akaimwaga dawa yote. Kwenye jabia ifunge kamba safi, iteremke bila kugusa ukuta, na acha nafasi ya hewa kama sentimita mbili na nusu juu. Klorini hupimwa palepale, haisubiri maabara. Andika mahali, saa na kipimo kwenye chupa kabla ya kuondoka hapo, kwa sababu chupa 12 kwenye kisanduku zote hufanana.

Kipimo cha bakteria kianze ndani ya saa 6, na ikishindikana kabisa isizidi 24, chupa zikiwa kwenye barafu. Ndiyo maana safari huanzia kituo cha mbali na kumalizia cha karibu. Ukianza karibu, chupa ya kwanza imezunguka visiwa vyote kabla haijarudi.

#12 Bi_Sabaki

Chanjo na takwimu niziseme kwa ufupi, ingawa ndizo kazi za kila siku.

Friji ya chanjo ni nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, husomwa asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili pia. Ukiona karatasi yenye 4, 4, 4, 4 mwezi mzima kwa kalamu ile ile, muulize msimamizi kwa adabu. Hakuna friji isiyopanda wala kushuka. Kwenye safari wengi huogopa joto, wakati kugandisha huharibu vilevile chanjo ya pepopunda, pentavalenti (ya magonjwa matano), ya HPV (ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi) na ya homa ya ini B. Pakiti za barafu zitolewe friza, ziachwe mpaka ukizitikisa usikie maji ndani, ndipo zipangwe kwenye kibebeo. Chanjo ya surua na ya kifua kikuu zikishachanganywa hutupwa baada ya muda wa saa 6, hata zikibaki dozi nane.

Upande wa ufuatiliaji wa magonjwa, mtoto chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla huhesabiwa kama dharura ya polio mpaka maabara iseme vingine. Sampuli mbili za choo, zipishane angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze, kila moja kama ncha ya kidole gumba, kwenye baridi njia nzima. Mwanafunzi hachukui, lakini anaweza kuwa ndiye wa kwanza kumsikia mtoto huyo kutoka kwa wahudumu wa mtaa. Amwambie mratibu saa hiyo hiyo, asingoje ripoti ya mwezi.

Fomu za Wizara ya Afya (MOH) utakazokutana nazo: MOH 505 ya kila wiki, 705A ya wagonjwa wa nje chini ya miaka mitano, 705B ya waliozidi, 710 ya chanjo, 515 ya vitengo vya afya ya jamii. Zile za mwezi vituo huwasilisha kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na kwenye KHIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, ziwe zimeingia kufikia tarehe 15. Kazi nzuri ya mwanafunzi ni kulinganisha: hesabu mistari ya daftari la kituo, tazama jumla kwenye fomu, tazama iliyoingia kwenye mfumo. Namba tatu zikipishana, umepata somo la wiki nzima, na ofisi imepata msaada wa kweli.

#13 Kisima_Shela

Na hapo kwenye takwimu niwatahadharishe. Kujifunza kutumia data ni mafunzo. Kuichukua kwa mradi wako wa chuo ni utafiti, na utafiti unataka idhini ya kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) na ruhusa ya idara ya kaunti. Barua ya atachimenti haivifuniki. Sema tangu mwanzo, usije ukaambiwa wiki ya 11 kwamba hayo majedwali hayatoki.

Kitabu cha kumbukumbu kiandikwe kila siku, kitiwe sahihi kila Ijumaa. "Nilikwenda ukaguzi" haisemi kitu. "Mkahawa mmoja, wahudumu 6, wawili vyeti vya afya vimepitisha miezi 6, friji nyuzi 11, hakuna sabuni ya kunawia, notisi imetolewa" inasema. Jina la mkahawa libaki kwenye faili la ofisi. Msimamizi akihamishwa katikati, na huhamishwa, kitabu chenye sahihi za kila wiki ndicho kitakachokutetea kwa mhadhiri.

#14 Mwanafunzi_Gede

Na bandari ya Lamu? Mwenzangu anaitaka.

#15 Mratibu_Pate

Afya ya bandarini na viwanja vya ndege iko chini ya Wizara ya Afya ya kitaifa. Barua ya Mokowe haimfikishi huko, aandikie Wizara. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, kwa hiyo pana mengi ya kuona: kukagua meli kwa panya na wadudu, cheti cha usafi wa meli ambacho muda wake ni miezi 6, kadi za homa ya manjano. Kuingia kwenyewe kunataka kibali cha usalama cha bandari, na kibali huchukua muda. Aanze mapema kuliko wewe.

#16 Mwanafunzi_Gede

Nimeandika aya ya kati ya barua, nitazamieni: "Naomba nafasi ya mafunzo katika idara yako tukufu ili nipate ujuzi na kuchangia maendeleo ya kaunti. Mimi ni mchapakazi na niko tayari kufanya kazi yoyote."

#17 Bi_Sabaki

Adabu ipo, ila haimwambii afisa akuweke wapi. Jaribu hivi:

"Naomba mafunzo ya nyanjani ya wiki 12, kuanzia tarehe 5 Mei, katika ofisi ya afya ya umma ya Kaunti Ndogo ya Malindi. Mtaala unanitaka nishiriki ukaguzi wa majengo ya chakula, upimaji wa maji na ufuatiliaji wa magonjwa. Nimeambatanisha barua ya chuo, cheti cha bima chenye jina langu na kadi ya chanjo ya homa ya ini B, dozi mbili. Naishi Gede na nazungumza Kiswahili na Kigiriama."

Hilo la mwisho usiliache. Huko Ganda na Jilore kuna wazee watakaokujibu vizuri zaidi kwa Kigiriama, na afisa anayepanga safari analijua. Tarehe uzilinganishe na za barua ya chuo, na nambari ya simu iandike chini ya sahihi, kwani bahasha hutupwa.